Kila Doa na Sababu Yake: Jinsi ya Kuchakaza Kigari cha Land Rover

Milimita moja kwenye kigari cha kipimo cha 1:64 ni sentimita 6.4 kwenye gari lenyewe. Hesabu hiyo iandike kwenye karatasi uibandike juu ya meza yako ya kazi, maana ndiyo inayowaumbua wengi. Mtu anachovya brashi, anagusa mlango mara moja, anaacha alama ambayo machoni pake ni mchubuko mdogo tu. Kumbe kwa kipimo hicho amechubua eneo la upana wa kiganja. Tope la unene wa milimita mbili chini ya mlango ni tope la karibu sentimita 13. Punje ya mchanga ya nusu milimita iliyonasa kwenye tairi ni jiwe la sentimita 3. Anayechakaza kigari vizuri, yaani anayekifanya kionekane kimetumika, anajua kujizuia kuliko anavyojua kupaka.

Nazungumzia vigari vya chuma, vile vya aloi ya zinki inayoyeyushwa na kusukumwa ndani ya kalibu. Kampuni ya Lesney ya Uingereza ilivieneza duniani kwa jina la Matchbox kuanzia 1953, wakaja Hot Wheels wa Marekani mwaka 1968 na Tomica wa Japani mwaka 1970. Kati ya magari yote yaliyowahi kutengenezwa kwa udogo huo nimechagua Land Rover ya zamani, ile ya kabla ya modeli ya Defender, yenye bodi ndefu na inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Huku kwetu Afrika Mashariki inajulikana kila mahali: mbugani, misheni, kituo cha polisi, shamba la mkonge. Halafu ndiyo inayokosewa kuliko gari jingine lolote, kwa kuwa watu huipaka kutu bodi nzima.

Bodi ya Land Rover haishiki kutu. Gari hilo lilipozinduliwa mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, kwa hiyo mabati ya nje yakatengenezwa kwa aloi ya alumini. Vilivyobaki chuma ni chasisi, ukuta unaotenganisha injini na abiria, fremu za ndani za milango na bampa. Kwa hiyo kutu nyekundu iweke chini: kwenye chasisi, kwenye maungio ya springi, kwenye bawaba, na chini ya kioo cha mbele pale ukuta ule unapochomoza. Madigadi, boneti na ubavu wa gari vikichubuka vinaonyesha rangi ya fedha iliyofifia. Na pale alumini inapogusana na chuma kwenye unyevu, kwa mfano ukingo wa chini wa mlango, alumini ndiyo inayoliwa: rangi inavimba vipele, na ndani yake mna unga mweupe. Mtu aliyewahi kufungua mlango wa Land Rover iliyozeeka anaujua unga huo. Kwenye kigari chako utakuwa nukta mbili tatu za rangi nyeupe iliyochafuliwa kidogo kwa kijivu, ziwekwe kwa ncha ya kijiti cha meno, basi.

Ndiyo maana nasema usishike brashi kabla hujajua kilichoko chini ya rangi. Kila doa liwe na sababu. Ukiulizwa hapa pamechubukaje, uwe na jibu: hapa dereva hupandia, hapa fundi huegemea akichungulia injini, hapa dumu la mafuta hugonga likishushwa.

Anza kwa kuchagua kigari cha kufanyia kazi. Kisiwe cha thamani. Matchbox za miaka ya 1950 na 1960 zenye rangi yake ya kiwandani ziache zilivyo. Ukizichakaza umeziharibu, na rangi za enzi hizo huenda zina risasi, kwa hiyo vumbi lake la msasa halifai kuvutwa wala kuachwa nyumbani penye watoto. Chukua kigari kipya cha bei nafuu, au kilichokwisha kuchezewa kikakwaruzika. Mikwaruzo ya mtoto mara nyingi imekaa pale pale inapostahili, kwenye pembe na kingo.

Kukifungua ndiyo hatua inayowatisha wanaoanza, na haina haja ya kutisha. Kigeuze juu chini utaona ribiti moja au mbili zilizobana sakafu. Kila ribiti ni ncha ya nguzo ya bodi iliyopondwa ikatanuka. Weka biti ya milimita 3 katikati yake, zungusha drili polepole, na usimame pale ukingo uliopondwa unapong'oka. Ukizidi utaikata nguzo yenyewe. Vaa miwani ya kinga, kwani chembe za zinki huruka. Sakafu ikitoka, vioo, viti na magurudumu vitatoka pia. Kwa kukifunga tena, toboa nguzo kwa biti ya milimita 1.6 na uingize skrubu ya milimita 2. Gundi ya haraka usiitumie karibu na vioo: mvuke wake huvifanya vyeupe, na weupe huo hautoki kirahisi. Kioo kishikize kwa gundi nyeupe ya mbao.

Osha bodi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, acha ikauke kabisa. Usiivue rangi ya kiwandani ikiwa rangi yenyewe inafaa gari. Kijani, samawati ya kijivu na rangi ya mchanga zinafaa Land Rover. Nyekundu inayometa haifai, na hapo itabidi upulize praima na rangi upya.

Kabla ya kuchakaza, kamilisha gari. Viwandani hupaka vitu vichache ili kupunguza gharama, na kazi ya saa moja hapa inabadilisha kigari kuliko matope yote utakayoweka baadaye. Taa za mbele ziguse kwa rangi ya fedha, na zikikauka zitone tone la vanishi inayong'aa, zitaonekana zina kioo. Taa za nyuma anza na fedha, kisha nyekundu nyepesi juu yake. Nyekundu peke yake haina mwanga. Mipira ya kuzunguka vioo ipake nyeusi iliyofifia. Vitasa, bawaba, mfuniko wa tangi, vyote vipate rangi yake. Tumia brashi ya namba 000, na mkono wako uegemee meza, usiuache hewani. Kama unataka kibati cha namba, chenye urefu wa sentimita 52 na kimo cha 11 kwenye gari la kweli kitakuwa milimita 8 kwa 1.7 kwenye kipimo cha 1:64. Kichape kwenye karatasi nyembamba, kingo zake nyeupe uzipake kalamu nyeusi, ubandike kwa gundi nyeupe.

Sasa kifubaze. Bodi yote ipulizie vanishi isiyong'aa, kwa umbali wa sentimita 25 hadi 30, mara mbili kwa wepesi, siyo mara moja kwa wingi. Vanishi hii ina kazi mbili: inaua mng'ao wa kichezeo, na inaacha uso wenye mkwaruzo mdogo mno ambao vumbi litaushika. Kwenye rangi inayong'aa unga wa udongo huteleza tu.

Hapa kuna kanuni moja ya kemia usiyopaswa kuivunja. Rangi za maji na vanishi ya maji ziwe chini. Rangi za mafuta zilizozimuliwa kwa tapentaini ziwe juu. Tapentaini haiyeyushi rangi ya maji iliyokauka, kwa hiyo ukikosea unafuta na kurudia bila kuharibu cha chini. Thina ya gereji, ile inayotumiwa kupulizia magari, ni kali. Inakula rangi ya maji na plastiki pia. Isikaribie kazi hii.

Anza na jua. Jua la kwetu linapiga paa na boneti kuliko ubavu, na rangi hupauka kutoka juu kwenda chini. Nunua rangi za mafuta za wachoraji, tyubu nne tu zinatosha: nyeupe, manjano ya udongo, kahawia ya kukoza na nyeusi. Kamulia kidogo juu ya kipande cha katoni uache nusu saa. Katoni itafyonza mafuta, na rangi itakauka upesi bila kung'aa. Kisha weka vinukta vya nyeupe na manjano kwenye boneti, viwe vidogo kabisa, na kwa brashi bapa iliyolowana tapentaini kidogo uvivute hadi vipotee. Usiposhangaa kuwa vimepotea, umeweka vingi mno. Kinachobaki ni kupauka kusiko sawasawa, sehemu hii zaidi, sehemu ile kidogo, jinsi gari la kweli linavyopauka.

Mistari ya milango na boneti inahitaji kivuli. Zimua kahawia na nyeusi kwa tapentaini mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi, gusa mstari kwa ncha ya brashi, na rangi itakimbia yenyewe ndani ya mfereji. Baada ya dakika kumi futa iliyomwagika nje kwa kijiti cha pamba, ukivuta kutoka juu kwenda chini. Nyeusi tupu usiitumie. Inafanya kigari kionekane kimechorwa kwa kalamu.

Michubuko ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye Land Rover, kwa kuwa hapa kigari cha zinki kina bahati yake. Zinki iliyo chini ya rangi ya kigari inafanana sana na alumini iliyo chini ya rangi ya Land Rover. Huna haja ya kuiga kwa brashi. Chukua msasa namba 1500, ukunje kipande kiwe na ukingo mkali, ukiloweshe, na upitishe mara mbili kwenye pembe ya madigadi ya mbele, kwenye ukingo wa boneti, na kwenye kizingiti cha mlango wa dereva. Metali itatokea, iking'aa kidogo. Ifubaze kwa vanishi. Magari yetu usukani uko kulia, kwa hiyo kulia ndiko kuchakae zaidi: pale kiatu kinapokanyaga, pale kiwiko kinapoegemea dirishani, kuzunguka kitasa. Kushoto kuwe na afadhali. Tofauti hiyo ndogo ya pande mbili haigunduliwi na mtazamaji, lakini ndiyo inayomfanya aamini.

Ukifanya kazi hii kwenye gari la bodi ya chuma, tuseme Peugeot 504 au Toyota HiAce, kanuni inageuka. Metali tupu haidumu; inashika kutu. Weka michubuko kwa kipande cha sponji kilichochovywa kahawia nzito na kugongwagongwa kwenye karatasi hadi kikaribie kukauka. Kisha ndani ya kila mchubuko, siyo nje yake, tia nukta ya rangi ya chungwa: kutu kongwe ni ya kahawia, kutu changa ni ya chungwa. Ianze chini ya milango, juu ya matairi na kwenye pembe za kioo cha mbele, pale maji yanapotuama. Kama gari lako ni la Mombasa, Tanga au Unguja, chumvi ya bahari inakuruhusu kuzidisha. La Dodoma lisiwe na kutu nyingi. Huko adui ni jua na vumbi.

Na sasa vumbi lenyewe. Amua gari limetoka wapi, kisha usichanganye. Udongo wa Tsavo ni mwekundu kiasi kwamba hata tembo wake wanaonekana wekundu kwa kujimwagia. Vumbi la Naivasha, nchi ya volkano, limepauka, laini mno, lile ambalo madereva wa mbio za magari huliita fesh-fesh. Nyanda za Athi zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata ukilowa na kupasuka ukikauka. Gari moja lenye rangi zote tatu halijatoka popote.

Udongo wa kweli ndio bora, na haugharimu kitu. Chukua kiganja kimoja kutoka mahali unapopataka, uondolee majani na mizizi, uukaushe kwenye sufuria kuukuu juu ya moto mdogo ili unyevu uishe na wadudu wafe. Usage, kisha uchekeche kupitia soksi ya nailoni, na kile kilichopita ukichekeche tena. Kumbuka ile punje ya nusu milimita: usipochekecha, gari lako limemwagiwa kokoto. Rangi ya udongo ikififia, ongeza chembe ya oksaidi nyekundu, ile ya kupakia sakafu za saruji inayouzwa madukani. Nayo ni kutu ya chuma iliyosagwa, sawa na inayoupa udongo wenyewe wekundu wake. Vaa barakoa unaposaga.

Vumbi linafuata mwendo wa hewa, na wengi hawalioni hili. Land Rover ina mgongo bapa. Inapokwenda, nyuma yake panabaki pengo la hewa linalolivuta vumbi lililoinuliwa na magurudumu na kulibandika kwenye mlango wa nyuma. Kwa hiyo nyuma ndiko kuwe kuchafu kuliko kote, hadi kioo kisionekane sawasawa, isipokuwa pale mkono ulipofungulia. Ubavuni vumbi lianzie nyuma ya gurudumu la mbele, lipande kidogo likielekea nyuma. Boneti iwe na vumbi jepesi, hasa kwenye kona, upepo unaipangusa. Tairi la akiba lililolala juu ya boneti, kama modeli yako inalo, likusanye vumbi katikati ya rimu.

Kioo cha mbele kina siri yake. Kata vipande viwili vya tepu ya karatasi vyenye umbo la nusu duara, vibandike pale waipa zinapopita, pulizia vanishi isiyong'aa yenye udongo kidogo sana juu yake, kisha vibandue. Ukifanya jambo moja tu katika mwongozo huu wote, fanya hilo.

Kulipaka vumbi, tumia brashi laini na unga mkavu, ukigongagonga. Ukiridhika, gusa pembeni yake kwa brashi yenye tapentaini. Itatambaa yenyewe ndani ya unga na kuushika inapokauka. Usishtuke rangi ikikoza wakati imelowa, itarudi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha bati au kigari kibovu.

Matope ni udongo huo huo uliochanganywa na gundi nyeupe na maji kidogo. Yatie ndani ya madigadi na chini ya sakafu kwa brashi kuukuu, kisha chovya brashi ngumu kwenye mchanganyiko mwepesi zaidi na uikwangue kwa kijiti ili irushe matone ubavuni, daima kutoka mbele kwenda nyuma. Tope kavu limepauka na halina mng'ao. Tope bichi limekoza na linameta. Ukiweka la kale chini na juu yake bichi kidogo lenye tone la vanishi inayong'aa, gari litakuwa na historia ya siku mbili. Matairi nayo yaamulie: gari likitoka porini, tairi zima ni udongo, likiwa limekwisha kukanyaga lami kwa muda, sehemu inayogusa barabara inasafishika ikawa nyeusi, na pembeni panabaki vumbi.

Watu wanaopenda mbio za magari za Safari wana nafasi ya pekee hapa. Mbio hizo zilianza 1953 na kwa miaka mingi zilifanyika Pasaka, wakati wa masika, na mwaka 1963 na 1968 magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Corgi Toys wa Uingereza walitoa mwaka 1965 kigari cha Volkswagen ya East African Safari pamoja na kifaru wake. Ni kichezeo kizuri, lakini kilitoka kwenye boksi kikiwa safi kabisa. Peugeot 404 au Datsun 160J ya Safari bila tope hadi kwenye vioo naiona kama kazi iliyoachwa nusu.

Mwisho kabisa weka mafuta. Kahawia na nyeusi zenye vanishi inayong'aa, mstari mmoja mwembamba chini ya mfuniko wa tangi, doa moja chini ya injini. Mdomo wa eksozi uwe mweusi wa masizi. Kisha acha. Vanishi ya mwisho ukiipuliza kwa wingi itameza nusu ya vumbi ulilolitafutia udongo. Kigari cha kukaa kabatini kiache bila hiyo, na ukishike kwa magurudumu tu.

Jambo la mwisho ninalokuomba. Kiwanda cha Land Rover cha Solihull, Uingereza, kilitoa Defender yake ya mwisho Januari 2016, na Land Rover kongwe zilizobaki katika gereji zetu zinakatwa moja moja kuuzwa chuma chakavu. Ukiiona moja imesimama, omba ruhusa kwa mwenyewe, piga picha ubavu wote, mgongo, kingo za milango na chini yake. Hakuna kitabu kitakachokuonyesha jinsi gari lilivyochakaa Mpanda au Lodwar isipokuwa gari lenyewe.